Mdaiwa Asiende Peke Yake

Katika miaka 39 ya kufundisha shule za msingi, Iringa na Mbeya, niliwaandikia watoto ubaoni methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Niliwaeleza maana yake, nikawapa mifano, na katika mitihani nikawatungia maswali juu yake. Mtoto mmoja aliwahi kujibu kwamba dawa ya deni ni kujificha. Nilimpa sifuri na darasa zima likamcheka. Sikujua kwamba siku moja, nikiwa mzee mstaafu, mimi mwenyewe nitaishi kwa jibu lile la sifuri kwa muda wa miezi 14.

Nimechelewa kuandika habari hii kwa sababu ina aibu yangu ndani yake. Lakini nimewaona wastaafu wenzangu wawili wakihama nyumba zao usiku, na mmoja tumemzika kwa maradhi ya presha ambayo sisi tuliomjua tunaamini yalianzia kwenye deni. Nikanyamaze mpaka lini? Hata hivyo, kabla sijasimulia yaliyonipata, naomba nimrudishe msomaji nyuma kidogo. Nilikuwa mwalimu wa historia, na nimegundua kwamba hata deni lina historia yake katika nyanda hizi zetu za juu kusini.

Nilizaliwa Rungwe mwaka 1951. Deni la kwanza ninalolikumbuka ni la baba yangu. Ilikuwa kama mwaka 1957, nami ni mtoto wa kuchunga ndama. Baba alikuwa amechukua baiskeli kwa mwenye duka mmoja mjini Tukuyu, kwa ahadi ya kulipa akiuza kahawa. Mwaka ule kahawa yetu ilikuwa chache. Baba akawa halali usiku, na mchana akisikia sauti ya mgeni uani anatokea mlango wa nyuma kuelekea migombani. Siku ya tatu mama alikwenda kumwambia baba mkubwa. Baba mkubwa hakusema mengi. Alivaa koti lake la kwendea barazani, akamchukua mzee mwingine wa kijiji, wakaondoka na baba, watatu. Mimi nilifuata nyuma nimebeba kuku.

Kule dukani baba hakufungua kinywa. Aliyesema ni baba mkubwa. Jioni tulirudi na baiskeli yetu, na ahadi mpya ya kulipa mara mbili, baada ya maharage na baada ya kahawa ya mwaka uliofuata. Njiani nilimsikia baba mkubwa akisema, "Mdogo wangu, mwenye deni haendi peke yake. Akienda peke yake hutukanwa, na akitukanwa hukimbia."

Maneno hayo niliyasahau kwa miaka zaidi ya hamsini.

Wazee wetu hawakuwa na sababu ya kulichezea deni. Katika karne ya 19, wakati wa vita na njaa katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, rehani haikuwa shamba wala hati. Rehani ilikuwa mtu. Ukoo uliolemewa na fidia au na deni la chakula uliweza kumtoa mtoto, mara nyingi msichana, akakae kwa mdai mpaka akombolewe. Asipokombolewa, aligeuka kuwa mtumwa. Kwa hiyo ukoo mzima ulikaa kitako kwa ajili ya deni la mtu mmoja, maana hakuna aliyejua ni mtoto wa nani atakayechukuliwa. Nadhani hapo ndipo ilipotoka desturi ya kwenda wengi.

Kisha likaja deni ambalo mtu hakulikopa. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Uhehe wakati huo ulikuwa bado vitani. Mtwa Mkwawa alikufa Julai 1898. Baada ya bunduki ndipo likafuata daftari la kodi. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Waingereza nao, mwaka 1922, wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa. Ndiyo maana wanaume wa Rungwe, Njombe na Iringa walitembea kwenda mashamba ya mkonge, mashamba ya chai ya Mufindi, na katika miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Wengi hawakuwa wakitafuta utajiri. Walikuwa wakitafuta stakabadhi ya kodi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma nikiwa mtu mzima. Baina ya vita kuu mbili, Waingereza walikuwa na sheria mbili za madeni katika Tanganyika, na kila moja ilikuwa na watu wake.

Ya kwanza ilikuwa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Chini ya sheria hiyo, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani mpaka mkopo uwe umeandikwa na kukubaliwa na afisa wa serikali. Walisema wanatukinga tusinyonywe na wenye maduka. Yawezekana kinga ilikuwepo, na huenda hata upole wa yule mwenye duka wa Tukuyu ulitokana na hofu kwamba mahakama isingemsaidia. Lakini sheria hiyo ilituchukulia kama watoto, watu ambao sahihi yao haina uzito mpaka bwana mkubwa aitie mkono. Mwafrika aliyetaka kuanzisha biashara yake alinyimwa mkopo kwa sheria iliyosemekana inamlinda.

Ya pili ni sheria ya kufilisika ya mwaka 1930, ambayo baadaye ilikuja kuwa Sura ya 25 ya sheria zetu. Hiyo iliigwa kutoka Uingereza. Ilimpa mtu aliyelemewa na madeni njia ya kwenda Mahakama Kuu, kuweka wazi mali yake yote na madeni yake yote, mali ikakusanywa na kugawiwa wadai kwa haki, na yeye hatimaye akafunguliwa aanze upya. Ilikuwa njia nzuri. Ila iliandikwa kwa Kiingereza, ilitaka wakili, na Mahakama Kuu ilikuwa mbali na mlima Rungwe. Hivyo mwenye kampuni alipata sheria ya kumwokoa akianguka, na mkulima akapata sheria ya kumzuia asikope.

Hata huko kwao haikuanza kwa usawa. Uingereza, mpaka mwaka 1861, kufilisika kisheria kulikuwa ni kwa wafanyabiashara tu. Watu wengine walioshindwa kulipa walitupwa gerezani. Baba yake Charles Dickens, mwandishi maarufu, alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, London, mwaka 1824, na mtoto Dickens, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi kiwandani wakati baba yake yuko ndani. Ni mwaka 1869 ndipo sheria yao ilipopunguza sana kifungo cha deni. Nayasema haya ili tusidhani kwamba huruma kwa mdaiwa ni desturi ya kigeni iliyoletwa kwetu tayari imekamilika. Kila taifa limejifunza polepole. Dini zetu zilitangulia. Kurani inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate, na Torati iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kusamehe madeni. Neno letu lenyewe, muflisi, tumelipata kutoka Kiarabu.

Baada ya uhuru, deni lilipata sura nyingine. Nilihitimu ualimu Mpuguso, nikapangiwa shule Iringa vijijini. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa mwalimu alikuwa mwandishi wa kila kitu. Mimi ndiye niliyetunza daftari la mbolea na mbegu za mahindi zilizokuja kwa mkopo. Mkopo ulitoka serikalini kupitia benki ya maendeleo vijijini iliyoanzishwa mwaka 1971, na ulikuwa wa kijiji kizima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na waliokuwa wakikata deni kwenye mauzo ya mkulima wakatoweka. Daftari langu lilibaki na majina, lakini hakuna aliyekuja kuuliza. Katika kijiji chetu tulizoea kuamini kwamba deni la wote si deni la mtu.

Nasema hivyo bila kumlaumu yeyote, kwa sababu nami niliona hivyo. Lakini mazoea hayo yalitukuta vibaya. Ilipofika miaka ya 1990, ruzuku ya mbolea ikaondolewa, mabenki ya watu binafsi yakaruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1991, na baada ya mwaka 2000 mikopo ya mishahara ikaingia mpaka shuleni. Hatukuwa tena na ukoo wa kukaa kitako, wala afisa wa kutia mkono, wala kijiji cha kubeba. Kila mtu alikuwa na karatasi yake, kalamu yake na sahihi yake. Hatukuwa tumefundishwa kusoma karatasi ile, hata sisi walimu.

Nilistaafu mwaka 2011 nikarudi kuishi Uyole. Kiinua mgongo nilimalizia nyumba na kununua mashine ya kusaga nafaka. Mwaka 2012 rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa siku nyingi, aliniomba nimdhamini. Alikuwa anakopa shilingi 3,000,000 kwa mkopeshaji binafsi ili anunue mpunga Usangu. Nilitia sahihi mezani kwake, chai ikiwa bado ya moto, bila kusoma ukurasa wa pili. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Mpunga ulishuka bei, rafiki yangu akaugua, na mwaka 2013 tukamzika.

Wiki tatu baada ya matanga nilipigiwa simu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi harusi sikuiona, nilianzia kwenye matanga.

Hapo nilifanya makosa yote ambayo ningemwonya mwanafunzi wangu asiyafanye. Nilikopa kwa mtu wa pili ili nimlipe wa kwanza, na kwa wa tatu ili nimlipe wa pili. Wa tatu alichukua kadi yangu ya benki na namba yake ya siri, akawa anachukua pensheni yangu kila mwezi na kunirudishia kidogo kama posho ya mtoto. Wa kwanza nilimpa barua ya toleo ya kiwanja chenye nyumba yetu. Mama watoto wangu hakujua lolote. Nilimwambia pensheni imechelewa, nikamwambia tena, na tena. Mkopeshaji alinitumia ujumbe kwamba nitalala gereza la Ruanda. Mwezi Machi 2014 nililetewa samansi ya mahakama. Sikuisoma mpaka mwisho. Niliikunja nikaificha chini ya godoro, upande wangu.

Siku moja asubuhi na mapema nilikuwa stendi, nimebeba begi dogo, nasubiri gari la Tunduma. Nilikuwa nimedhamiria kuvuka kwenda Zambia. Sikuwa na mtu ninayemjua huko. Mwalimu mstaafu mwenzangu akaniona.

"Mwalimu, safari ya wapi na begi?"

Nilisema naenda kumwona mgonjwa. Akaliangalia lile begi, akaniangalia mimi, akasema, "Mgonjwa ni wewe. Twende tunywe chai." Kwenye chai ile nilimweleza yote. Hakunishauri kitu. Alinirudisha nyumbani, akaningoja nje nitoe samansi chini ya godoro, kisha akanipeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria mjini Mbeya, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo. Alikaa kando yangu muda wote.

Aliyekuwa mezani aliinuka kwa heshima. "Shikamoo mwalimu."

Nilikuwa nimemfundisha darasa la sita. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaitikia, "Marahaba mwanangu," na sauti ikanikauka. Yeye akajifanya hajaona. Akauliza tu, "Mwalimu, umekuja na karatasi gani?"

Aliposoma samansi alihesabu siku. Zilikuwa zimebaki 9. Akaniambia kwamba kama nisingefika mahakamani, mdai angeweza kupata hukumu ya upande mmoja kwa kiasi chote alichotaja, cha kweli na cha uongo. Kujificha kwangu kungemsaidia yeye.

Kisha akanipa karatasi na rula. "Andika madeni yote, mwalimu, kama ulivyokuwa unaandika mahudhurio. Jina la mdai, fedha uliyopokea, tarehe, ulicholipa, anachodai sasa." Ilinichukua saa mbili. Wadai walikuwa 7 na jumla ya madai ilikuwa shilingi 14,350,000. Wakopeshaji watatu peke yao walidai 12,000,000, wakati fedha iliyotoka mikononi mwao ilikuwa 4,800,000, na katika hiyo 3,000,000 mimi sikuzishika hata kidogo. Miezi 14 nilikuwa nimelibeba lile deni kichwani kama mlima usio na kilele. Lilipokaa kwenye karatasi, lilikuwa bado kubwa, lakini lilikuwa na mwisho.

Mambo aliyonieleza siku ile nitayataja, maana huenda yakamfaa mtu.

Kuhusu gereza, alisema polisi hamkamati mtu kwa sababu tu ya deni la madai. Kifungo cha mdaiwa kipo katika sheria ya mwenendo wa madai, lakini huja baada ya hukumu, kwa amri ya mahakama, mdaiwa akiwa amepewa nafasi ya kujieleza, na hakizidi miezi sita. Kinamlenga hasa anayeficha mali au anayeweza kulipa akakataa. Mdai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa huyo, na akiacha kulipia, mfungwa anatoka. Tena kifungo hakifuti deni.

Kuhusu nyumba, alisema sheria hiyo hiyo inakinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake isikamatwe katika kukazia hukumu ya kawaida, kama inavyokinga vyombo vya kupikia, vitanda na zana za kazi. Nyumba iliyowekwa rehani kihalali ni habari nyingine. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 hazikubali nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Akaniuliza, "Mama alitia sahihi?" Nikasema hapana. "Mama anajua?" Nikatazama sakafu. Akasema, "Basi kazi ya kwanza si ya mahakamani, mwalimu. Ni ya nyumbani, leo."

Kuhusu pensheni, alisema imewekewa kinga isichukuliwe na wadai. Kadi ile niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na dawa yake ilikuwa kwenda benki kuifunga na kuomba nyingine. Ilichukua nusu saa. Nusu saa, baada ya mwaka mzima wa unyonge!

Nilimwuliza kama nijitangaze muflisi, yaishe. Alinieleza kwa subira kwamba njia hiyo ni halali na haina aibu kwa mtu mwaminifu. Ombi hupelekwa Mahakama Kuu. Mali husimamiwa na afisa wa serikali, kazi iliyo chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza mwaka 2006. Mdaiwa huapa juu ya mali na madeni yake, huhojiwa hadharani, na baadaye huomba kufunguliwa. Lakini alisema gharama na muda wake, kwa mtu mwenye pensheni isiyofika laki tatu kwa mwezi na wadai saba, vingeweza kula kile kidogo kilichopo. Akashauri tutafute mapatano, ila tufuate kanuni kuu ya ufilisi.

"Kanuni gani?" nikauliza.

Akaweka kidole kwenye jina la mwisho katika orodha yangu. Alikuwa jirani yetu, mama anayeuza dagaa sokoni Uyole, aliyenikopesha shilingi 180,000 za mchezo wake wa kupeana. Juu yake kulikuwa na kijana fundi aliyetengeneza mashine yangu, shilingi 150,000. "Hawa umewalipa chochote?"

Sikuwa nimewalipa hata senti. Kila nilipopata fedha nilimpa anayepiga simu usiku na kutukana. Hawa wawili walikuwa wapole, kwa hiyo niliwaacha. Mwanafunzi wangu akaniambia, bila ukali, kwamba sheria ya ufilisi haikutungwa kwa ajili ya mdaiwa peke yake. Ilitungwa pia ili mdai mwenye sauti kubwa asichukue vyote na mnyonge akakosa. Ukiacha yale madeni ambayo sheria imeyatanguliza, kama mishahara na kodi, wanaobaki hugawana kwa uwiano wa madai yao.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Muda wote nilijiona nimeonewa, na kwa wale watatu nilikuwa nimeonewa. Lakini yule mama wa dagaa mimi ndiye niliyemwonea. Kila siku nilipita mbele ya meza yake nikizungusha kichwa, naye alinisalimu kwa heshima ya ualimu wangu.

Jioni ile nilimweleza mama watoto, rafiki yangu akiwepo. Hakupiga kelele. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwaka mzima nililala juu ya samansi?" Ilikuwa wiki tatu tu, lakini sikumsahihisha. Alikaa siku nne bila kusema nami. Siku ya tano alivaa kitenge chake cha kwendea kanisani, akaniambia anakwenda nami mahakamani.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi, na sitaki kumdanganya mtu. Wadai waliandikiwa barua, wote saba siku moja, wakaitwa kikao. Watano walikuja. Mmoja wa wakopeshaji, alipotakiwa kuonyesha leseni na hesabu zake, ghafla akawa mtu wa mapatano. Wakopeshaji wote watatu hatimaye walikubali jumla ya shilingi 6,900,000, na kesi iliyokuwa mahakamani ikamalizwa kwa makubaliano ya kulipa kwa awamu, yakasajiliwa. Wale wanne wengine, pamoja na SACCOS na duka la mabati, niliwalipa kamili, 2,350,000. Niliuza mashine kwa 2,200,000 na kiwanja cha Igawilo, nilichokuwa nimewawekea watoto, kwa 3,500,000. Kilichobaki nililipa karibu shilingi 70,000 kila mwezi kwa miezi 51, kuanzia Julai 2015 mpaka Septemba 2019. Mwanangu wa mwisho alikaa nyumbani mwaka mmoja badala ya kwenda chuo. Jambo hilo sheria haikuweza kulirekebisha.

Tangu wakati huo nchi imepiga hatua. Mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wanaokaa na wananchi mpaka vijijini. Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na chini yake wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni, na wale wasiopokea amana wakawekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na 20 yangu. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka 2023 ilizinduliwa kampeni ya msaada wa kisheria inayoitwa kwa jina la Mama Samia. Hata hivyo mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu imeendelea kuwatoa watu majumbani mwao, maana wakopeshaji wasio na leseni hawasubiri kusomewa kikomo cha riba.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbele zaidi. Sheria yao ya mwaka 2015 ilimpa nafasi mtu asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, apumzishwe na wadai na kufunguliwa baada ya miezi 12. Sheria yetu ya 1930 haikumfikiria hasa mtu wa namna hiyo, mzee mwenye vitanda viwili na pensheni. Naona ni wajibu wetu kumfikiria.

Leo nikipewa tena lile darasa, methali nisingeifuta. Dawa ya deni ni kulipa, na mimi nimelipa. Ila ningemwita yule mtoto niliyempa sifuri, nimwulize ni nani nyumbani kwao anajificha. Kisha ningewafundisha darasa zima yale ambayo sikuyafundisha kwa miaka 39. Soma ukurasa wa pili. Usimpe mtu kadi yako. Samansi ikija, ihesabu siku. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, na mnyonge usimweke mwisho. Mwambie mwenzako kabla hajaambiwa na dalali.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa mtaani, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kwangu jioni akazunguka maneno kwa muda mrefu, mara hali ya hewa, mara mpira. Mwishowe akatoa mfukoni bahasha iliyokunjwa mara nne. Nilitazama tarehe. Zilikuwa zimebaki siku 12.

Asubuhi yake nilivaa koti, nikaenda naye.